Pampu ya klorini inajaa mapovu, na chupa ya CPAP inanyamaza (Goma)

fundi_Himbi (Goma)

Jambo wandugu. Nina maswali mawili ya kituo kimoja cha afya hapa Goma. Yote mawili ni ya mapovu ya hewa, ndiyo maana nayaleta pamoja.

La kwanza ni maji. Tunavuta maji ya ziwa Kivu karibu na ufuo, yanapita kwenye chujio la mchanga, halafu pampu ndogo ya kiwambo (utando unaokwenda mbele na nyuma kusukuma dawa) inaingiza klorini ndani ya bomba kabla maji hayajaingia kwenye tangi la m³ 10. Maji yanapita m³ 4 kwa saa. Dawa ni HTH (unga wa klorini wenye kalsiamu) ndani ya pipa la plastiki la lita 100, nguvu karibu 3%. Pipa liko chini sakafuni, pampu imefungwa ukutani mita 1.2 juu yake, chini ya paa la mabati. Urefu wa mpigo nimeuweka 20%, mipigo 160 kwa dakika. Asubuhi nikipima kwenye mlango wa tangi napata klorini 2 mg/L. Kufika saa nane mchana ni 0.2, na pampu bado inapiga kama kawaida. Kwenye tuyo (mrija) ya kufyonza naona mapovu madogo yanapanda na kukusanyika chini ya kichwa cha pampu. Nikilegeza tuyo na kuijaza upya, inasukuma saa mbili tatu, kisha yale yale. Viungo vyote nimevifunga upya, hakuna kinachovuja. Hewa inatoka wapi? Wengine hapa wanasema ni gesi ya ziwa.

La pili ni CPAP ya watoto wachanga, ile ya kuwasaidia kupumua kwa presha kupitia puani. Mashine ya oksijeni ya lita 10, mrija unaenda puani kwa mtoto, mrija wa kutolea pumzi umezama sm 5 kwenye chupa ya maji. Mara nyingi chupa inanyamaza, haitoi viputo. Wauguzi wanapandisha mtiririko mpaka lita 10 na viputo vinarudi. Je, ni sawa? Na maji ya chupa hiyo, pamoja na ya chupa ya kulowesha oksijeni, yanaweza kuwa haya haya ya tangi?

maji_ya_Kadutu (Bukavu)

Ndugu fundi, tuanze kwa kuliondoa ziwa kwenye kesi. Gesi ya Kivu ni nyingi kweli, kama km³ 300 za dioksidi ya kaboni na km³ 60 za methani, lakini imelala chini kabisa, imebanwa na uzito wa maji yaliyo juu. Mtambo wa KivuWatt unaovuna methani upande wa Rwanda unashusha mabomba hadi karibu mita 350 ili kuifikia. Huko viputo ndivyo vinavyofanya kazi ya pampu: maji yakishaanza kupanda, gesi inatoka, maji yaliyochanganyika na viputo yanakuwa mepesi, nayo yanajipandisha yenyewe. Maji unayovuta karibu na ufuo wa Goma ni ya tabaka la juu, na gesi hiyo haimo. (Ghuba ya Kabuno ni habari nyingine, huko dioksidi ya kaboni iko karibu zaidi na uso wa maji.)

Hewa yako inazaliwa ndani ya pipa. Dawa ya klorini haitulii: inavunjika polepole, na sehemu yake inatoka kama oksijeni safi. Mambo matatu yanaharakisha: nguvu kubwa ya mchanganyiko, joto, na metali. Chembe za kutu, shaba, nikeli, hata kidogo sana, zinaongeza kutoka kwa oksijeni bila zenyewe kuisha. Wewe una 3% chini ya mabati, ndiyo maana asubuhi pampu inakubali na mchana inakataa. Kisha pampu yako iko juu ya pipa: kuinua dawa mita 1.2 kunashusha presha ndani ya tuyo ya kufyonza, na gesi iliyoyeyuka inatoka hapo kwa urahisi zaidi.

Kwa nini inapiga lakini haisukumi? Dawa haibanwi, gesi inabanwa. Kiwambo kikienda mbele, povu lililo kwenye kichwa linajikunja, kikirudi nyuma linajikunjua, na kile kigololi cha vali ya kutolea hakinyanyuki hata kidogo. Kwa mpigo wa 20% ujazo unaosukumwa ni mdogo kuliko nafasi iliyobaki ndani ya kichwa, kwa hiyo gesi haifikii kamwe presha ya kushinda bomba lako. Hili ndilo kosa ninaloliona kwenye vituo vingi: watu wanafupisha mpigo na kuongeza kasi. Fanya kinyume. Weka mpigo 80% au zaidi, kisha punguza idadi ya mipigo mpaka upate dozi unayotaka. Hapo kila mpigo unafagia kichwa karibu chote na kiputo kinatoka na dawa.

Jambo la pili, punguza nguvu ya dawa. Hesabu yako ni hii: m³ 4 kwa saa kwa dozi ya 3 mg/L ni gramu 12 za klorini kwa saa. Kwa mchanganyiko wa 3%, yaani gramu 30 kwa lita, pampu inasukuma lita 0.4 tu kwa saa. Tuyo ya mita 1.5 yenye tundu la mm 6 inabeba kama ml 42, kwa hiyo dawa inakaa ndani yake dakika 6 hivi ikipashwa moto na ukuta. Ukitumia 1% utasukuma lita 1.2 kwa saa, na ukiweka tuyo ya tundu la mm 4 itabeba ml 19, dawa inapita kwa dakika moja. Viputo havipati muda wa kukusanyika. Tuyo iwe fupi na ipande moja kwa moja hadi kwenye kichwa bila kigongo chochote katikati, maana kila kigongo ni ghala la hewa.

Kutengeneza 1% kwa lita 100 unahitaji kilo 1 ya klorini hai. Kwa HTH ya 65% ni kilo 1.5. Koroga kwenye ndoo ya pembeni, ukitia unga ndani ya maji, usimwage maji juu ya unga. Acha ituame usiku kucha, kisha hamisha maji maangavu ya juu peke yake kwenye pipa la dozi. Usiruke hatua hii. Maji ya Kivu yana chumvi na bikaboneti nyingi, na kalsiamu ya HTH inagandamana nayo kuwa chokaa. Chokaa hiyo inakaa chini ya vigololi vya vali, vali haifungi vizuri, na pampu inarudisha nyuma ilichofyonza. Ncha ya tuyo isimame sm 5 hadi 10 juu ya sakafu ya pipa. Vali zikishashika chokaa, zisafishe kwa siki, LAKINI sukuma kwanza maji safi dakika kumi nzima na uondoe tuyo kwenye dawa. Asidi ikikutana na klorini inatoa gesi ya klorini pale pale usoni kwako.

Tatu, shusha pampu au pandisha pipa, ili dawa ishuke yenyewe kwenda kwenye pampu. Na kama kichwa cha pampu kina kiskrubu cha kutolea hewa, unganisha kimrija kutoka hapo kurudi juu ya pipa, ncha yake iwe juu ya uso wa dawa, kisha uache kiskrubu wazi kidogo sana. Dawa kiasi itarudi pipani pamoja na hewa, kwa hiyo pima dozi upya: chota ml 100 kwenye silinda ya kupimia, weka tuyo ya kufyonza humo, na uhesabu dakika ngapi pampu inazimaliza. Kwa lita 1.2 kwa saa ziwe dakika 5. Kwa kuwa kinachorudi kinahesabiwa humo, elekeza kimrija cha kurudi kwenye silinda hiyo hiyo wakati wa kupima.

Jambo moja hukuuliza, nalo linanisumbua kuliko viputo. Maji ya juu ya Kivu yana pH karibu na 9. Kwa pH hiyo, klorini yenye nguvu ya kuua ni kama 3 hadi 4 kwa mia tu ya ile unayoiona kwenye DPD (dawa ya kupimia klorini kwa rangi). Kwa pH 7.5 ni kama nusu. Kanuni ya 0.5 mg/L baada ya dakika 30 imewekwa kwa maji yenye pH chini ya 8. Kwa mji uliopita kwenye kipindupindu cha 1994 hatuwezi kuchezea hapo. Tangi lako likiwa limejaa lina saa 2.5 za maji, hiyo ni akiba nzuri, mradi mlango wa kuingilia na wa kutokea viko pande mbili tofauti. Kama viko karibu karibu, maji yanakata njia ya mkato na saa zako 2.5 zinabaki za kwenye karatasi. Saa za mchana usiruhusu maji ya tangi yashuke chini ya nusu yake.

Na ukipima tope baada ya chujio: maji yaliyotoka kwenye bomba la presha yana viputo visivyoonekana, na kifaa kinavihesabu kama tope. Jaza kichupa polepole ukutani, kiache dakika mbili tatu, kigeuze taratibu bila kukitikisa, kisha usome. Ukiona 6 NTU (kizio cha tope) halafu 2 kwa kichupa kile kile, ile ya kwanza ilikuwa hewa.

muuguzi_neo (Bukavu)

Mimi najibu la watoto, maana hilo halingoji.

Chupa ile ni kipimo cha presha na pia ni mlango wa usalama. Gesi haiwezi kutoka mpaka isukume maji yote yaliyomo ndani ya mrija hadi kwenye ncha. Ncha ikiwa sm 5 chini ya uso wa maji, presha ndani ya mirija ni sm 5 za maji. Mwinuko wa Goma juu ya usawa wa bahari haubadilishi hilo, kwa sababu ni tofauti ya presha tu na hewa ya chumbani. Pima kutoka uso wa maji kushuka hadi kwenye ncha. Wengine wanapima kutoka chini ya chupa kupanda, maji yanapungua, na hakuna anayejua tena mtoto anapata ngapi. Bandika utepe wenye alama za sentimita kwenye chupa na ufunge mrija usielee.

Chupa ikinyamaza, gesi imepata njia nyingine ya kutokea. Usiguse mtiririko kabla hujajua ni wapi. Weka lita 5 kwa dakika, toa vijirija puani, na uvizibe kwa vidole vyenye glavu safi:

Viputo vikitokea, mirija ni mizima na uvujaji uko kwa mtoto. Angalia kama vijirija ni vidogo mno kwa pua yake (vinatakiwa kujaza tundu bila kuifanya ngozi iwe nyeupe), kama shingo imekunjika, kama mdomo uko wazi. Mdomo unafungwa taratibu kwa kitambaa laini chini ya kidevu, usiubane.

Viputo visipotokea, uvujaji uko kwenye mirija au gesi yenyewe haifiki. Anza na kifuniko cha chupa ya kulowesha, ndicho mhalifu wa kwanza: uzi wa kifuniko ukipanda vibaya, nusu ya gesi inatokea hapo. Kisha viungo vyote, kisha mashine yenyewe.

Kupandisha hadi lita 10 ni kuficha uvujaji. Mtiririko mkubwa kwenye mirija myembamba unaongeza presha juu ya ile ya kina cha maji, unakausha pua na kuichubua, na siku mdomo wa mtoto ukifunga, anapokea presha ambayo hukuipanga. Mapafu ya mtoto wa kilo 1.2 yanaweza kupasuka. Tena mashine ikisukumwa hadi mwisho wa uwezo wake, hasa ikiwa ya zamani, oksijeni inayotoka inapungua nguvu.

Na kinyume chake, viputo vikiwepo haina maana kwamba mtoto anafikiwa. Pua ikizibwa na makamasi, gesi inapita mbele ya pua na kwenda chupani moja kwa moja, inatoa viputo vizuri kabisa, na mtoto hapati kitu. Kwa hiyo kila saa unaangalia viputo pamoja na kifua: kinaingia ndani kiasi gani, anapumua mara ngapi kwa dakika, SpO2 (oksijeni ndani ya damu, kwa mia) ni ngapi. Pua iangaliwe kila saa 3 au 4, matone mawili ya serumu ya chumvi kabla ya kuivuta taratibu.

Makosa mengine ninayotaka kila wodi iyajue:

Maji yanayokusanyika kwenye mkunjo wa mrija wa kutolea pumzi yanaongeza presha kama vile umezamisha mrija zaidi. Yamwagwe, na mrija uteremke kuelekea chupani bila tumbo katikati. Chupa ikae chini ya usawa wa mtoto, maji yasimrudie.

Kifuniko cha chupa ya viputo kiwe na tundu kubwa la kutolea hewa. Nimeona watu wanafunika kwa plasta ili maji yasiruke. Chupa iliyofungwa haina kikomo cha presha, na hiyo ni hatari ya kifo.

Mtoto wa CPAP anameza hewa. Mrija wa tumboni upite mdomoni, ubaki wazi na mwisho wake uwe juu ya tumbo, vinginevyo tumbo linajaa na kusukuma mapafu.

Sasa oksijeni yenyewe. Mashine inatoa karibu 93%. Ukimpa hiyo peke yake mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia, unahatarisha macho yake. Kwa hao lengo ni SpO2 kati ya 90 na 95, na unahitaji hewa ya kuchanganya, kutoka kwenye kompresa isiyotumia mafuta. Lita 5 za oksijeni na lita 5 za hewa zinakupa 57%. Lita 2 za oksijeni na lita 6 za hewa zinakupa 39%. Punguza oksijeni kwanza, kina cha maji kibaki. Kubadilisha kina ni uamuzi wa daktari. Kwa kawaida tunakaa kati ya sm 5 na 8.

Maji ya chupa ya viputo: yaliyochemshwa na kupozwa yanatosha, yabadilishwe kila saa 24, na chupa ioshwe na kukaushwa. Ya chupa ya kulowesha ni suala jingine, namwachia wa mashine.

biomed_Lushi (Lubumbashi)

Mama amesema yote kuhusu mtoto. Mimi naongeza ya vifaa, na nasahihisha jambo moja la juu.

Chupa ya kulowesha: maji yaliyotoneshwa peke yake, yakikosekana basi yaliyochemshwa kutoka chanzo chenye chumvi kidogo. Maji ya Kivu yana zaidi ya gramu 1 ya chumvi kwa lita. Kuchemsha kunaua vijidudu, chumvi inabaki. Maji yanapopotea, chumvi inagandamana kwenye kile kichujio cha vitundu chini ya mrija, vitundu vinaziba, viputo vinakuwa vikubwa na vichache, na mwisho mtiririko unashuka wakati mpira wa kipimo bado unaonekana uko mahali pake. Jaza kati ya alama ya chini na ya juu. Ukizidisha, viputo vinarusha maji ndani ya mrija wa mtoto. Maji yabadilishwe kila siku, na unapoyabadilisha jaribu vali ya usalama: weka lita 5, kunja mrija wa kutokea kwa vidole, chupa inatakiwa kupiga filimbi. Isipolia, kuna uvujaji au vali imekufa. Jaribio hili linachukua sekunde 10 na linakamata kifuniko kibovu kabla mtoto hajakilipia. Na ujue kwamba chupa baridi hailoweshi vya kutosha kwa CPAP. Kwa matumizi ya muda mrefu kunatakiwa kilowesho chenye joto.

Kompresa ya hewa: hapo Goma, hasa upande wa Bulengo na Lac Vert, mna mazuku, yaani mahali ambapo gesi ya kuua inatoka ardhini. Dioksidi ya kaboni ni nzito kuliko hewa, inajaa mashimoni na kwenye vyumba vya chini. Mashine ya oksijeni ina zeolaiti (chembe za madini) inayokamata gesi nyingi zisizotakiwa, ila kompresa inachukua hewa ilivyo na kumpelekea mtoto. Mdomo wa kuvutia hewa uwe juu, kimo cha mtu au zaidi, mbali na shimo, mbali na jenereta.

Sasa kusahihisha. Papa wa Kadutu anasema upandishe pipa juu ya pampu. Kwa viputo ni kweli kabisa, mimi mwenyewe ningefanya hivyo. Lakini bomba la maji likipoteza presha, kwa mfano pampu kubwa ikizimika na maji kurudi ziwani, linafyonza, na pipa zima linaweza kujimwaga ndani ya maji kupitia pampu ya dozi iliyosimama. Usipandishe pipa bila vali ya kuzuia mnyonyo, ile yenye spring, pale dawa inapoingia kwenye bomba. Na umeme wa pampu ya dozi uungwe pamoja na wa pampu ya maji: moja ikizimika na nyingine izimike.

Kwa wenye mashine za kusafisha damu, kuna mtego wa mwinuko wa nchi ambao haupo kwenye vituo vya pwani. Mashine inapasha maji moto na kuyavuta kwa ombwe ili kutoa hewa kabla hayajafika kwenye kichujio. Usawa wa bahari presha ya hewa ni mmHg 760, ukivuta -600 inabaki 160. Goma, kwenye mita 1,500, presha ni karibu 635. Ukiiacha kwenye -600 inabaki 35, na maji ya nyuzi 35 yanachemka kwenye 42. Yaani badala ya kutoa hewa unachemsha maji ndani ya chumba cha ombwe, pampu inakula mvuke, inanguruma, alama za hewa zinalia bila sababu. Ili kubaki na 160 ile ile unavuta kama -475. Sisi Lubumbashi kwenye mita 1,200 hivi ni karibu -500. Kila mtengenezaji ana jedwali lake la urefu, fuata hilo, ila ujue sababu.

Serumu za watoto wachanga zinahitaji neno moja pia. Mtu mzima akiingiwa na viputo vidogo kwenye mshipa wa mkono, mapafu yanavichuja. Moyo wa mtoto mchanga bado una njia wazi kati ya kulia na kushoto, kiputo kinaweza kuvuka hadi kwenye ubongo. Kwa hiyo hakuna kiputo kinachokubalika. Jaza kile kichumba cha matone nusu, pitisha serumu polepole mpaka mwisho wa mrija ukigonga kila kiungo kwa kidole, ndipo uunge kwa mtoto. Serumu iliyotoka kwenye friji iache ipate joto la chumba kwanza, kwa sababu ikipata joto ndani ya mrija inatoa hewa yake humo humo, na utaapa kwamba uliitoa yote.

fundi_Himbi (Goma)

Aksanti sana, nimeelewa. Mawili yamebaki. Umeme ukikatika, CPAP ifanyweje katika dakika zile za kwanza? Na nikipandisha pipa nitahitaji robine (koki) ya kufungia kati ya pipa na pampu. Nina ya shaba na ya PVC ya kugeuza, ipi?

muuguzi_neo (Bukavu)

Gesi ikisimama, mtoto amefungwa kwenye mirija isiyo na hewa mpya na anarudia kuvuta pumzi yake mwenyewe. Toa vijirija puani MARA MOJA, usingoje jenereta. Chupa kubwa ya oksijeni isimame pembeni ikiwa na kidhibiti chake tayari na imeshajaribiwa zamu hiyo: fungua, weka mtiririko ule ule, hakikisha viputo vinatoka, kisha rudisha vijirija. Kwa dakika hizo chache oksijeni bila hewa inavumilika kuliko kukosa presha, lakini umeme ukirudi rudi kwenye mchanganyiko. Mfuko wa kupumulishia wenye barakoa ya saizi yake ubaki kitandani, si kabatini.

maji_ya_Kadutu (Bukavu)

Nakubaliana na biomed juu ya mnyonyo, vali hiyo ni ya lazima, na ukaguliwe utando wake kila baada ya miezi michache maana klorini inaukausha.

Robine: ya shaba usiiguse, dawa inaila, na shaba inayoyeyuka inazidisha kuzaliwa kwa oksijeni. Tumia ya PVC, ila kwa uangalifu. Robine ya kugeuza ina mpira wenye tundu katikati, na ukiifunga, dawa inabaki imefungiwa ndani ya mpira huo. Inaendelea kutoa oksijeni isiyo na pa kwenda, presha inapanda, na robine inaweza kupasuka mikononi mwa mtu anapoigusa. Tenganisha vipande vya robine mpya kabla ya kuipachika mahali pake, na kwenye mpira toboa tundu la mm 2 hadi 3 upande mmoja tu, ule ambao robine ikiwa imefungwa unatazama pipa. Gesi itapanda na kurudi pipani. Ukitoboa upande wa pampu, dawa itavuja unapofungua kichwa cha pampu kukisafisha. Chora mshale kwa rangi juu ya robine ili mwingine asije akaigeuza, na kifuniko cha pipa kisikazwe kabisa, kiwe na tundu dogo, bomba lake litoke nje ya chumba.